Januari bwenini, na hawa watoto wa miaka minane

Muhula wa Januari ndio mgumu kuliko yote, yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye hizi shule za bweni za wavulana wadogo huku Uingereza atakwambia hivyo hivyo. Septemba wanarudi wamechangamka na raga inaanza, kiangazi kuna kriketi na mwanga mpaka usiku, ila Januari mpaka Machi ni matope, giza na mafua. Hapa Berkshire mwanzoni mwa mwezi jua linachomoza saa mbili imeshapita na Magharibi inaingia saa kumi na dakika kumi hivi, yani mtoto ukimwamsha saa moja asubuhi ni giza, akitoka darasani jioni ni giza tena, na mchana wenyewe kuna siku ni wingu tu limekaa juu ya viwanja toka asubuhi.

Mimi ni metroni msaidizi, kazi yangu ni nguo, dawa, vitanda na makamasi. Kila kitu cha mtoto kimeshonewa kitambaa chenye jina lake, soksi, chupi, taulo, mpaka glavu, na bado kila wiki nabaki na kirundo cha soksi zisizo na mwenyewe. Wadogo bado wanavaa kaptula na soksi ndefu hata baridi ikiwa kali, magoti yanakauka mpaka yanapasuka, kwa hiyo asubuhi kabla ya chai wanapita kwangu mmoja mmoja nawapaka Vaseline magotini na kwenye midomo kama mama zetu walivyokuwa wakitupaka kabla ya kwenda shule. Mwanzoni walikuwa wanaona aibu, sa hizi wanapanga foleni wenyewe.

Michezo muhula huu ni mpira wa miguu na hoki, na uwanja ukiganda kiasi kwamba njumu haziingii ardhini mechi inafutwa, wanapelekwa mbio za nyika kupita msituni, wanarudi matope mpaka kwenye masikio. Hapo ndo utaona mashine za kufulia zinavyoteseka. Jumamosi asubuhi wanasoma kama kawaida halafu mchana kuna mechi na shule nyingine, Jumapili kanisani, halafu wanakaa kuandika barua nyumbani, barua za karatasi kabisa, mana simu wadogo hawakai nazo. Na theluji ikianguka, ambayo huku kusini haianguki kila mwaka, jamani, wanatoka mbio na masinia ya jikoni wanateleza nayo kwenye kilima na walimu wazima wanateleza pia, siku hiyo hakuna anayeumwa chochote.

Kinachotutisha zaidi ni ugonjwa wa kutapika, ule wa norovirus. Akianza mmoja usiku basi kesho yake ni nusu ya bweni, na ile jeli ya kusafishia mikono haiuwezi, ni sabuni na maji tu, na aliyeumwa hachangamani na wenzake mpaka zipite saa 48 tangu atapike au aharishe mara ya mwisho. Unakesha unabadilisha mashuka huku unamwambia mtoto pole babaangu, kwa Kiswahili, hata haelewi ila ananyamaza.

Kiukweli shule ni nzuri na nasema hivi kwa moyo mweupe. Chakula kizuri, walimu wanawajua watoto mmoja mmoja, kwaya yao ukiisikia unasisimka, na wakubwa wa miaka kumi na miwili kumi na mitatu wanaojiandaa na Common Entrance, ule mtihani wa kuingilia shule kubwa kama Eton au Harrow ambao upo tangu 1904, wanasoma kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwa watoto wa umri huo. Hao sina wasiwasi nao, wameshazoea na wanaonekana wanafurahi.

Wasiwasi wangu ni wale wa miaka minane. Mchana huwezi kujua kitu, wanakimbia, wanacheka, wanagombania mpira. Ni usiku, baada ya prepo na kuoga, taa zinazimwa saa mbili na nusu, na hapo ndipo mmoja anakuja mlangoni kwangu ameshika dubu wake wa kitambaa anasema tumbo linauma. Hasemi anamtaka mama, hata siku moja hawasemi hivyo, ni tumbo, au kichwa, au sikio. Nampa chupa ya mpira ya maji ya moto akumbatie, nakaa nae mpaka alale. Na wengine wazazi wako Hong Kong au Lagos, likizo ya katikati ya muhula ikifika Februari hawaendi kwao, wanakwenda kwa mlezi aliyelipwa.

Waingereza wenyewe wanaona ni kawaida kwa sababu baba alipita hapo na babu alipita hapo. Enzi za ukoloni maofisa waliokuwa kwetu Tanganyika walikuwa wanawapandisha watoto meli waje kusoma huku na wanakaa muda mrefu sana bila kuonana, kwa hiyo kwao mtoto kuondoka nyumbani mapema ni jambo la familia. Nawaelewa, ila siafiki.

Ndo mana ile Machi 2023 Kamishna wa Elimu kule nyumbani alipotoa waraka wa kuzuia bweni kuanzia awali mpaka darasa la nne, watu wengi wakapiga kelele kwenye magrupu, oh sisi tunafanya kazi mbali, oh nani atamwangalia mtoto, mimi niliufurahia na bado naufurahia. Hawa ninaowalaza mimi wangekuwa Tanzania wasingeruhusiwa kulala bweni, wangekuwa darasa la pili au la tatu wanalala kwao.

Sasa dada yangu mwanae anaingia la tano na amepata shule ya bweni Arusha, baridi ya Juni na Julai ya huko mnaijua, kisheria anaruhusiwa, ananiuliza mimi kwa sababu ndio kazi yangu. Nimemwambia dada, subiri amalize shule ya msingi. Kasema nina wivu na maendeleo ya mtoto. Nikamtumia sauti ndefu ya WhatsApp nikamwelezea habari ya tumbo linalouma usiku, akasikiliza yote, akanijibu kwamba tranka ameshanunua. Jumapili nampigia tena, na safari hii nataka niongee na mtoto mwenyewe.