Ukumbi wa sanaa bila mtu wa kukutanisha watu ni stoo ya mashine tu

Siku hizi kila ukumbi wa sanaa unataka kuwa na kitu cha kidijitali. Ukisoma maelezo yao unakuta ubunifu, ushirikiano, teknolojia, maneno yote yapo yamepangwa vizuri, alafu ukiingia ndani unakuta chumba kimoja kina miwani ya VR (ile ukivaa unaona dunia ya kompyuta) bado iko kwenye maboksi, printa ya 3D imejaa vumbi, na funguo anazo jamaa mmoja ambaye leo hajaja. Mimi nimeshafanya kazi sehemu ya namna hiyo, jina silitaji, na kusema ukweli zile mashine ziliwashwa siku wafadhili walipokuja kutembelea, basi. Na sio kwamba watu walikuwa wavivu, wachoraji walikuwepo, vijana wanaoandika programu walikuwepo jengo hilohilo, ila hakukuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuwakutanisha, kwa hiyo kila mmoja anaingia kwa mlango wake anatoka kwa mlango wake.

Ndo maana nikisikia ukumbi unasifiwa kwa teknolojia naulizaga kitu kimoja tu, hapo nani analipwa kukutanisha watu?

Mfano ninaoupenda ni Watershed, iko Bristol kule Uingereza, pembeni kabisa ya maji bandarini. Ilifunguliwa 1982 na ukipita nje utadhani ni sinema na baa tu, manake kweli ni sinema na baa ipo. Ila ndani kuna kitu kinaitwa Pervasive Media Studio, kilianza 2008, na wanashirikiana na vyuo vikuu viwili vya huohuo mji. Unakuta humo wasanii, waandishi, watu wa roboti, watengeneza magemu, wahadhiri, wote kwenye eneo moja la wazi. Meza wanapewa bure. Ila kuna sharti, na hili sharti ndo lililonifanya niandike hii posti: ukikubaliwa kukaa pale unakubali kukatizwa. Yaani mtu akija mezani kwako akakuuliza unafanya nini, unaacha unachofanya unamweleza, na kama una ujuzi anaouhitaji unampa, humbanii.

Sasa usione kama ni jambo dogo. Wanaoandika programu mnajijua, mtu akikukatiza katikati ya kazi unanuna nusu saa nzima na ile hesabu uliyokuwa nayo kichwani ishapotea. Msanii naye hivyohivyo, akiwa ndani ya kazi hata salamu haitaki. Lakini fikiria mdada wa dansi ana wazo la vazi linalotoa sauti kadiri anavyosogea, na mita tatu kutoka kwake kuna jamaa anayejua sensa, vile vifaa vya kuhisi mwendo, kama anavyojua jina lake, na hao wawili wanaweza kukaa mwaka mzima wanaombana chumvi bila kujua kwamba mmoja ana swali na mwingine ana jibu. Hiyo ruhusa ya kukatizana inaondoa ile aibu ya "samahani naomba nikusumbue kidogo". Hausumbui mtu, ni makubaliano. Kwa maoni yangu hiyo kanuni moja ina thamani kuliko maabara nzima ya vifaa, na haigharimu hata senti.

Alafu Ijumaa mchana wana mazungumzo, mtu anasimama anaonesha anachohangaika nacho, na wa nje anaruhusiwa kuingia kusikiliza bila kulipa. Kitu kingine ambacho kumbi nyingi hazijui kama wanacho: watu. Kampuni ya teknolojia ikitaka kujaribu kitu chake inabidi itafute watu, iwabembeleze, iwalipe. Ukumbi wa sanaa kila jioni una watu wanapita mlangoni wanasubiri filamu ianze, hawana haraka, na wengi wao sio wataalamu wa chochote. Weka kitu chako hapo mlangoni kwa saa moja, utajua kama kinaeleweka au ni wewe tu unayekielewa. Na watakwambia bila kukuonea huruma.

Mwaka 2013 ndo ilitoka kazi ya kwanza ya tuzo yao inayoitwa Playable City, ikaitwa Hello Lamp Post, waliotengeneza ni PAN Studio. Hii naipenda kwa sababu hawakuongeza kifaa chochote barabarani, hata kimoja. Nguzo za taa, masanduku ya posta na vitu kama hivyo vya mjini tayari vina namba zake zimebandikwa kwa ajili ya mafundi wa matengenezo, zile namba unazipitaga kila siku wala huzioni. Wao wakasema sawa, hizo namba ndo anwani. Unatuma meseji ya kawaida kwenye simu, unaandika ile namba, nguzo inakujibu, inakuuliza swali, wewe unajibu. Ukirudi siku nyingine inakumbuka mlichoongea na inakwambia na wengine walisema nini. Meseji ya kawaida jamani! Hakuna programu ya kupakua, hakuna simu janja, bibi mwenye simu ya batani anashiriki. Watu wakisema uvumbuzi wa kidijitali wanawaza vitu vya bei mbaya, wakati hapa akili yote imekwenda kwenye kuona kitu ambacho kila mtu alikuwa anakipita.

Mwaka uliofuata ikaja Shadowing, taa za barabarani zimewekewa kamera za infraredi, zile zinazoona hata gizani, unapita chini yake inachukua kivuli chako, akija mwingine baada yako inamuonesha kile kivuli chako pale chini. Watu wakaanza kucheza chini ya taa ili kumwachia anayefuata kitu cha kuangalia. Lile wazo la mji unaochezeka limefika mpaka Recife kule Brazil na Lagos kule Nigeria.

Ila tusijidanganye kwamba hii habari imeanzishwa na watu wa intaneti. 1966 kule New York, msanii Robert Rauschenberg na mhandisi Billy Klüver wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu, waliwakusanya wasanii 10 na wahandisi kama 30 hivi, wakafanya maonesho ya usiku 9 ndani ya jengo kubwa la zamani la jeshi. Kazi ya Rauschenberg mwenyewe ilikuwa mechi ya tenisi. Mechi ya kweli, wachezaji wawili na wavu, ila ndani ya raketi wameweka vifaa vya kurusha sauti, kwa hiyo mpira ukigonga raketi unasikia mlio mzito ukumbi mzima na hapohapo taa moja inazima. Ukigonga tena, nyingine inazima. Wanaendelea hivyo mpaka giza totoro, alafu kwenye hilo giza wanaingia mamia ya watu ambao huwaoni kwa macho, unawaona kwenye skrini tu kupitia kamera za infraredi. Mwaka 1966! Waandishi wa magazeti walilalamika, vifaa viligoma, shoo zikachelewa, watazamaji wengine wakachoka. Kwangu mimi haikuwa hasara, manake kilichotoka pale ni jumuiya inayoitwa E.A.T. (Experiments in Art and Technology), na moja ya kazi zake kubwa ilikuwa nini? Msanii anakuja na shida yake, wao wanamtafutia mhandisi wa kukaa naye. Kukutanisha watu tu. Tunarudi palepale.

Na Paris kuna IRCAM, hii ni taasisi ya muziki na sauti, ilianza kazi 1977 chini ya Pierre Boulez. Katikati ya miaka ya 1980 Miller Puckette akaanza kuandika pale programu inayoitwa Max, shida iliyokuwepo ni ya watunzi, walitaka kompyuta iweze kwenda sambamba na mpiga ala wa kweli jukwaani badala ya mpiga ala kuifukuza kompyuta. Leo Max wanaitumia watu dunia nzima, na ndugu yake Pure Data, ambayo Puckette huyohuyo aliiandika baadaye, unaipakua bure. Hiyo ni shida ya mtunzi imezaa kifaa cha kila mtu. Angekaa peke yake kwenye ofisi ya programu sidhani kama lile swali lingemfikia.

Sasa huyu mkutanishaji ninayemsema, wenzetu wanamwita prodyusa, na sio yule wa kutengeneza biti. Kazi yake ni kujua nani yuko wapi na anahangaika na nini, kukaa kwenye kikao cha kwanza na kutafsiri (msanii akisema "nataka iwe hai" mhandisi anasikia hewa tupu, inabidi mtu aulize hai vipi, inasogea? inajibu? inachoka?), kulinda bajeti, na kuwaambia ukweli wakati wazo halisimami. Ni mshahara, na hapo ndo ugomvi na wafadhili unapoanzia, manake mashine unaipiga picha unaiweka kwenye ripoti, mtu aliyekaa anaongea na watu miezi sita unampigaje picha?

Hela zenyewe ningeshauri zitoke kidogokidogo. Kidogo mwanzoni ya kujaribu bila kudaiwa kitu kilichokamilika, ikionekana kuna kitu ndo mnaongeza. Ukimpa mtu hela nyingi siku ya kwanza na tarehe ya uzinduzi juu yake, atafanya kile anachokijua tayari, na hata wewe ungefanya hivyohivyo.

Na kabla hamjashikana mikono andikeni, hata kama ni karatasi moja ya mkono: programu ni ya nani, wazo ni la nani, mmoja akiondoka mwingine anaweza kuendelea nalo? Jina la nani linakaa kwenye bango? Nimeona urafiki mzuri ukivunjika kwenye hilo swali la mwisho, sio hata hela. Ongezeni pia swali la nani atakarabati, kwa sababu uchoraji ukishautundika ukutani umeisha, kazi ya kidijitali simu zikibadilisha mfumo mwakani inakufa, na utakuta mhandisi alishahamia kwingine, ukumbi unampigia msanii, msanii nae hajui hata nywila ya seva iko wapi.