Kusi, Baba na safari ya Kiwayu

Tangu Jumamosi nina maneno ya Baba kichwani na hayatoki. Nafua nayo, nasahihisha madaftari nayo, naamka nayo kabla ya adhana. Harusi ya Swaleh imepita salama, Dada Nuru na wanawe wamesharudi Muscat, na shuleni nimeambiwa muhula ujao nashika darasa la nne. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo nataka ya gatini.

Mnajua tulivyoipanga safari ya kutoka hapa Lamu hadi kisiwa cha Kiwayu. Mashua ya kukodi, tulale humo humo chomboni, watoto waione Siyu na Faza kisiwani Pate, kisha Baba afike Kiwayu mara moja tena akiwa na wajukuu wake wote. Mchele, nazi, mkaa, maji ya kunywa, kila kitu kilikuwa kimeshapakiwa. Usiku wa kuamkia Jumamosi kusi, upepo wa kutoka kusini, ikapiga mpaka madirisha ya juu yakawa yanagonga, na kulipokucha, mlango wa bahari upande wa Shela ulikuwa mweupe kwa povu.

Nahodha wetu ni yule kijana aliyetupeleka Manda wakati wa Idi. Alisimama gatini akitazama mawingu, nasi sote tukimtazama yeye. Kisha akampita Dada Nuru aliyemlipa, akampita shemeji, akaenda kuchutama mbele ya Baba, nahodha wa zamani, ambaye tulikuwa tumemkalisha kivulini na bakora yake.

"Nahodha, waionaje kusi hii?"

Baba hakujibu upesi. Aligeuza shavu upande wa upepo.

"Usiku ilipungua?"

"Haikupungua."

"Maji yajaa saa ngapi?"

"Saa tisa, inshallah."

"Basi mlango wa Mkanda mtaupita, na mpaka Faza visiwa vitawakinga. Kwenda mtakwenda, upepo uko nyuma yenu. Kurudi je?"

Kijana akainamisha kichwa. "Ndilo linalonitia hofu, Nahodha. Kurudi ni kubisha upepo njia nzima."

"Na ukishaipita Kizingitini bahari iko wazi. Usiwatie watoto huko."

Safari ikafa hapo. Watoto wakaanza kulia, shemeji akauliza habari ya mashine, hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa nimesimama na kapu la mahamri mkononi, moyo unanidunda kwa furaha, na sikuweza kumwambia mtu kwa nini. Tangu macho ya Baba yaingie ukungu, watu humwendea wakipaza sauti, kana kwamba ni masikio yaliyoharibika. Tunaamua mambo mbele yake, kisha tunamwarifu. Huyu ndiye aliyekuwa akipakia boriti za mikoko na kuzivusha mpaka Ghuba, hadi serikali ilipopiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Na yule kijana, ambaye angeweza kukata shauri peke yake na hakuna ambaye angemlaumu, alikwenda kumuuliza. Alimuuliza kwa kuwa alitaka jibu.

Chakula kilikuwa kimeshapakiwa, kwa hiyo tuliamua kisirudi nyumbani. Maji yalipojaa tukaingia mkono wa bahari wa Takwa, penye magofu ya mji wa kale kisiwani Manda. Nani angejua kwamba kusi ile ile iliyotufungia Kiwayu ingepita juu ya vichwa vyetu tu? Ndani ya mikoko maji yalitulia kabisa, upepo tukiusikia juu kwenye majani. Watoto wakashuka, wakaukimbilia msikiti ule wenye nguzo juu ya kibla, wakataka kujua wenyewe walikwenda wapi. Nikawaambia kwamba mji ule ulihamwa karne ya 17, na husemwa watu wake walivuka wakaenda kukaa Shela. Mdogo wa Nuru akauliza kama nao walizuiwa na kusi. Nilimbusu.

Baba hakushuka. Alibaki na nahodha, na nilipowarudia kuchukua maji nilimkuta ameipitisha demani, kamba ya kuvutia tanga, vidoleni, shibiri kwa shibiri, polepole. Alipofika mahali fulani akasimama, akaisugua kwa kidole gumba. "Hapa imechoka." Mimi kwa macho yangu mazima sikuona kitu. Kijana akaishika, akaipinda, nyuzi zikafunguka. Aliibadilisha saa ile ile.

Tulipika wali chomboni, jiko likiwa ndani ya sanduku la mchanga, tukaula na samaki wa kupaka. Ningesema ndiyo siku bora tuliyowahi kuwa pamoja tangu Mama afariki, na bado nasema hivyo. Lakini tulipokuwa tunaosha sinia, Dada Nuru akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba alinisema mimi?"

"Alikusema wapi?"

"Kwenda mtakwenda, kurudi je."

Nikamwambia alikuwa anasema upepo. Nahodha alimuuliza kusi, naye akajibu kusi. Akanyamaza, akaendelea kusugua sinia ambayo ilikuwa imeshatakata. Kisha akasema likizo za shule za watoto kule huangukia Julai na Agosti, kila mwaka, na kila mwaka hapa ni kusi. Kaskazi inapovuma na bahari ya Kiwayu ikalainika, watoto wako darasani. Hakulia. Afadhali angelia.

Sasa nayasikia maneno yale kwa sauti mbili. Asubuhi nayasikia kama alivyoyasikia nahodha, na nafurahi. Usiku nayasikia kama alivyoyasikia Nuru. Jana nilikaribia kumuuliza Baba mwenyewe, nikamkuta anamweleza mjukuu wa jirani jinsi ya kufunga foromali, ule mti wa tanga, nikaona nisimkatize. Huenda nisimuulize kabisa. Nuru ameomba ruhusa kazini aje Januari peke yake, bila watoto, na majibu hayajatoka.

Jambo jingine: maji ya kisima chetu yameanza kuwa na chumvi. Chai ya jana haikunyweka. Masika ya mwaka huu ilinyesha ya kutosha, na kisima cha jirani, hatua chache tu kutoka ukutani kwetu, maji yake bado matamu. Kama kuna mtu wa Mkomani au Langoni aliyekutwa na haya, aniambie alimwita fundi gani.