Mwalimu, na mahindi?

Jana kwa matatu ya Luanda mama mmoja alipanda na ndoo ya samaki, mbuta, akaiweka katikati ya miguu yake na yangu kama mzigo wetu sote. Kufika Kisian barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka, maji yakapata njia chini ya kifuniko yakaja polepole hadi kwa kiatu changu cha kushoto, kile soli imeachana, na kabla nitoe mguu soksi ilikuwa imeshakunywa. Nilitaka kukasirika. Lakini ile harufu bana, ya maji ya barafu yaliyolala na samaki, ilinirudisha moja kwa moja kwa tichingi praktisi ya pili, ile shule ya upande wa ziwa, ile stori mama watoto amenikataza kusimulia wageni wakiwa mezani.

Nilikuwa bado koleji ya ualimu. Lekchara alikuwa anakuja Jumatano kunitazama, sayansi, darasa la nne, watoto 70 na kitu, na mada ilikuwa solidi, likwidi na gesi, ama yabisi, kiowevu na gesi kama wewe ni wa Kiswahili cha kamusi. Wenzangu wote walikuwa wanafundisha hiyo mada kwa jiwe, chupa ya maji na baluni. Mimi nikaona hapana, mimi nitaleta kitu kimoja kigeuke mara tatu mbele ya macho yao. Barafu, iyeyuke, ichemke, ipotee. Nilijiona fundi kweli.

Friji shule haikuwa nayo, kwa hivyo saa kumi na mbili asubuhi niko Dunga, kule ufuoni, nabembeleza watu wa lori la samaki, wakanipa bonge kama kichwa cha mtoto, nikalifunga na maranda ndani ya gunia, nikapanda boda ya baiskeli nimelibeba mgongoni. Kufika shuleni shati lote limelowa. Na lekchara aliyesema atakuja somo la kwanza akaja baada ya breki. Kufungua gunia, kichwa cha mtoto kimekuwa ngumi.

Basi tukaanza. Sijamaliza hata kuandika tarehe ubaoni, wale wa dawati za nyuma wanainua mikono, wa dirishani pia, mwalimu kunanuka, mwalimu kunanuka rech, yaani samaki kwa Kijaluo. Nikawanyamazisha. Yaani gesi imetoka mezani ikatembea yenyewe mpaka ukuta wa nyuma, haina umbo, imejaa chumba kizima, watoto wamesikia kwa pua zao na wananiambia mmoja baada ya mwingine kulingana na vile wameketi, na mimi nalisukuma gunia chini ya meza kwa mguu ili nifungue kachupa ka marashi, kwa sababu marashi ndiyo nilikuwa nimeandika kwa andalio la somo.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili lilikuwa kipimajoto. Tumeyeyusha, tumewasha stovu, maji yanachemka kabisa, mapovu yanaruka nje ya sufuria, na zebaki imekwama 96. Kitabu kinasema 100. Nikaongeza moto, 96. Nikawaambia watoto hii kitu ya shule imezeeka, andikeni 100. Wakaandika. Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, hewa ya huku inakandamiza maji kidogo kuliko ile ya pwani, kwa hivyo maji yetu huchemka karibu na hiyo 96. 100 ni ya watu wa Mombasa. Kipimajoto masikini kilikuwa sawa, na nikakirudisha kwa boksi na kibandiko cha "mbovu".

Lakini hizo mbili huwa nacheka. Ya mahindi sijui.

Ilikuwa zimebaki dakika kama tano. Ubaoni nimepanga vizuri: solidi ina umbo lake, likwidi inachukua umbo la chombo, gesi inajaza chombo chote. Nikauliza kama kuna swali, lile swali mwalimu huuliza akifunga kitabu. Akasimama msichana wa dawati la pili, sweta kiwiko nje, mtoto ambaye wiki tatu hizo sikuwa nimesikia sauti yake isipokuwa akisema "present". Mama yake alikuwa anauza nafaka soko la Kibuye, hiyo nilijua kwa sababu Jumapili alikuwa anamsaidia na Jumatatu anasinzia. Akaanza kwa Kizungu, kikamkwama, akahamia Kiswahili. Somo lilikuwa la Kizungu lakini mtoto akiwa na swali la ukweli hawezi kungoja kutafsiri.

"Mwalimu, na mahindi?"

"Mahindi imefanya nini?"

"Ukiimwaga kwa gorogoro inakuwa kama gorogoro. Ukiimwaga kwa kasuku inakuwa kama kasuku." Na alikuwa anaonyesha kwa mikono, viganja viwili vimekunjwa kuzunguka gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, ambayo haikuwepo, halafu akavipunguza vikawa kasuku, mkebe mdogo wa mafuta ya kupikia. "Sasa ni likwidi?"

Hakuna aliyecheka. Nilitamani mtu acheke. Watoto 70 waliangalia ubao, halafu wakaniangalia, na nilikuwa nasikia tu stovu ikipumua. Kwa sababu nilikuwa nimeyaona hayo mahindi. Nimekuwa nikiyaona tangu nizaliwe, yakitoka kwa gunia yakimiminika, neno lenyewe ni hilo tunatumia, yakijaa kila kona ya debe bila kubakisha nafasi, na sentensi yangu ya ubaoni ilikuwa inasema kabisa kile alichokuwa anasema. Lekchara kule nyuma, ambaye kalamu yake haikuwa imepumzika tangu aingie, akaiweka chini.

"Mahindi ni solidi," nikasema.

"Kwa nini?"

Hakuuliza kwa kiburi. Aliuliza vile unauliza njia.

"Kwa sababu ni ngumu. Keti chini."

Akaketi. Lakini viganja vyake vilibaki juu ya dawati bado vimeshika ile gorogoro, sijui sekunde ngapi, halafu akaviangalia, akaviteremsha chini ya dawati taratibu, kimoja halafu kingine.

Nilipata alama nzuri. Lekchara aliandika kwamba nina udhibiti mzuri wa darasa. Pia aliandika kuhusu harufu. Kuhusu mahindi hakuna neno.

Nikamaliza koleji, nikapata kazi. Miaka karibu sita baadaye niko soko la Kakamega nateta na mama wa mahindi aniongeze, maana gorogoro yake ilikuwa imebonyezwa kitako kwa ndani na mimi nimeiona, na yeye kunituliza akanimwagia mpaka ikafanya kile kilima juu ya mdomo, punje za pembeni zikateleza zikaanguka, kilima kikabaki. Nikasimama pale na pesa mkononi. Maji hayafanyi kilima. Jaza gorogoro maji uongeze kikombe kimoja, kinachozidi chote kinamwagika, juu inabaki tambarare. Mahindi yanapandana kwa sababu kila punje ina umbo lake na haliachi, ni solidi nyingi ndogo zinazotembea pamoja. Mama akaniuliza nanunua ama sinunui.

Na huyo mtoto alikijua hicho kilima kuliko mimi na lekchara tukiunganishwa. Faida ya mama yake ilikuwa inakaa pale juu, kila mteja anaitisha, kila jioni wanahesabu. Ningemuuliza tu, na ile ya juu, maji yanaweza? Angemaliza somo yeye mwenyewe na mimi nikaketi.

Saa zingine najiambia alisahau kabla ya lanchi, watoto ni watoto, na kulikuwa na uji siku hiyo. Saa zingine naviona vile viganja. Sasa hivi ni mama mtu mzima, labda yuko palepale Kibuye na nimeshanunua kwake bila kujua, na hata nikimpata nitamwambia nini, samahani mama, kuhusu yale mahindi?

Kwa matatu, kufika Maseno yule mama akaona kiatu changu. "Pole mwanangu," akasema, "barafu ya siku hizi haivumilii." Nikamwambia hakuna shida mama. Nikainua mguu, na maji yakapita chini yangu yakafuata mahali sakafu imeinamia, kwa kiatu cha konda.