Kaeni Hapa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii kuna aya mbili zilizonikosesha usingizi. Zote zimo kwenye Wagalatia sura ya 6, na zimekaribiana kiasi kwamba ukifungua ukurasa unaziona pamoja. Aya ya 2 inasema, “Mchukuliane mizigo, na kuitimiza hivyo sheria ya Kristo.” Aya ya 5 inasema, “Maana kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe.”

Zilianza kunisumbua Jumatano kwenye ushirika wa nyumbani. Mama mmoja wetu aliomba tena tumwombee mwanawe aliye rumande. Ni ombi tunalolijua wote. Amelileta kwa muda mrefu, na kesi yenyewe kila siku ni kutajwa na kuahirishwa. Kabla hatujainamisha vichwa, mmoja wetu akasema, tena kwa sauti ya upole, kwamba ifike mahali tulikubali Neno: kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Mama akasema “amina”. Akakunja leso yake mara mbili, akaitia mkobani, na hatukumsikia tena mpaka chai ilipoletwa.

Nilirudi nyumbani na ile “amina” masikioni. Aliyesema hakudanganya, maana aya ipo. Lakini roho yangu ilikataa kutulia, na nikaendelea kumuuliza Bwana: Paulo alisahau alichokiandika aya tatu nyuma? Au sisi ndio hatujui kusoma?

Jibu nililipata Jumamosi, nikiwa juu ya baiskeli.

Rafiki yangu na mimi tulikuwa tumejiandikisha kwenye safari ya pamoja ya masafa marefu, kwa njia ya Magadi. Wanaoijua wameshatabasamu. Kwa asiyeijua, unatoka Bomas alfajiri, unapita Rongai na Kiserian, unapanda hadi Kona Baridi kwenye bega la milima ya Ngong, na hapo Bonde la Ufa linajitandaza mbele yako mpaka macho yachoke. Halafu barabara inateremka, inateremka, inazidi kuteremka. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Magadi liko kama mita 600 tu. Sisi hatukufika ziwani. Tuligeuzia Olorgesailie, pale palipofukuliwa mashoka ya mawe ya watu wa kale. Hata hapo ulichoshuka kinatosha kukutia hofu, kwa sababu njia hii inakupa raha kwanza na bili baadaye. Asubuhi kuna ubaridi na unashuka bila kukanyaga. Mchana jua liko utosini, lami inarudisha joto usoni, kivuli ni cha migunga michache tu, na ndipo unapotakiwa kuirudisha miguu yako Kona Baridi.

Huko chini, kwenye sehemu zilizo karibu tambarare, rafiki yangu alinisaidia sana. Waendesha baiskeli wanalijua jambo hili. Kwenye tambarare adui wako mkubwa ni upepo, na ukikaa karibu na gurudumu la nyuma la mwenzako, yeye ndiye anaukata na wewe unapita kwenye utulivu aliouacha nyuma yake. Yeye ana nguvu kuliko mimi, basi alikaa mbele muda mrefu, bila kuombwa, akigeuka mara moja moja kuhakikisha bado nipo. Huko ni kuchukuliana mizigo kabisa, kwa vitendo. Nguvu aliyoitoa yeye mimi niliiokoa.

Lakini mlima ulipoanza, msaada ule ulikwisha. Si kwamba alinichoka. Kwenye mwinuko mkali mwendo unashuka, upepo unakuwa si kitu tena, na unachopigana nacho ni uzito wa mwili wako na chuma ulichokalia. Ukae mbele yake, ukae nyuma yake, karibu ni sawa tu. Hakuna namna mtu anaweza kukunyanyulia kilo zako mwenyewe.

Hata wakubwa wa mchezo huu hawana njia nyingine. Kwenye Tour de France ya mwaka 2012, katika mlima wa La Toussuire, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyelelewa kimchezo na David Kinjah huko Kikuyu, alimtangulia kiongozi wa timu yake Bradley Wiggins, kisha akaambiwa kwa redio amngoje. Akapunguza mwendo. Wiggins akashinda mashindano yale, Froome akawa wa pili, na mwaka 2013 akashinda yeye mwenyewe. Watu walibishana sana kama ilikuwa haki. Mimi linalonigusa ni kwamba pamoja na nguvu zote alizokuwa nazo siku ile, Froome hakuweza kumkanyagia mwenzake hata hatua moja. Alichoweza ni kumngoja.

Na ndicho alichofanya rafiki yangu. Msuli wa paja ulinikaza kabla ya Olepolos, nikawa nakanyaga kwa gia nyepesi kuliko zote, jasho linadondoka kwenye usukani, tone baada ya tone. Yeye angeweza kupanda na kundi la mbele. Badala yake alihamia upande wangu wa kulia, upande wa magari, gurudumu lake la mbele likiwa sambamba na kanyagio langu. Ilimbidi aende polepole mno kiasi cha kuyumba, maana kwenda chini ya mwendo wako mlimani ni kazi ngumu, mwulize yeyote aliyewahi. Hakunipa mawaidha. Hakuniambia “karibu tunafika”, kwa sababu hatukuwa karibu kufika, na sote wawili tulilijua hilo. Malori yalipita, yeye akiwa kati yangu na malori. Alikuwepo mpaka juu.

Hapo ndipo zile aya mbili zilipokaa pamoja moyoni mwangu, wapendwa. Kuna mizigo inayogawanyika: karo, kodi ya nyumba, chakula cha wiki, upepo wa tambarare. Hiyo tuchukuliane, tena upesi, usiulize maswali mengi. Na kuna furushi lisilogawanyika. Mama mwenye mwana rumande, wewe huwezi kuwa mama wa yule kijana kwa niaba yake. Aliyefiwa, huwezi kumfilia. Anayesubiri majibu ya daktari, mwili ni wake. Furushi hilo atalichukua mwenyewe, Paulo anasema kweli. Lakini ni wapi Paulo alisema alichukue akiwa peke yake?

Tumwangalie Bwana wetu mwenyewe Gethsemane. Kikombe kile hakuna aliyeweza kukinywa isipokuwa yeye. Petro hakuweza, Yakobo hakuweza, Yohana hakuweza, na Yesu hakuwaomba wakinywe. Aliwaomba nini? Mathayo 26:38: “Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa, mkeshe pamoja nami.” Kaeni hapa. Yule aliyeumba mbingu na nchi, anayehudumiwa na malaika, aliwataka wavuvi watatu wakae karibu naye. Luka anasema alijitenga nao kama kiasi cha kutupa jiwe, yaani umbali ambao ungesikia mtu akilia. Na aliporudi akawakuta wamelala, hakuwauliza kwa nini hawakupigana au hawakutafuta njia ya kumtorosha. Aliuliza, “Hamkuweza kukesha pamoja nami hata saa moja?” Saa moja tu. Hilo ndilo lililomuuma.

Sasa niseme kwa upendo lakini bila kuficha. Tumekuwa kanisa la watu wanaolala Gethsemane. Ombi likiwa jipya, kundi letu la WhatsApp linajaa mikono ya kuomba, M-Pesa zinatembea, tunaenda kumwona mgonjwa tukiwa wengi mpaka muuguzi anatufukuza. Ombi likizeeka tunaanza kulikwepa. Tunamwona yule dada kwenye ngazi za kanisa tukapitia mlango wa pili, kwa sababu hatuna jipya la kumwambia. Na tukishindwa kumkwepa, tunamrushia aya. “Mungu atafanya njia, mama.” Tunaisema haraka ili tuondoke. Ile ni “karibu tunafika” ya kwenye mlima, na mtu mwenye furushi mgongoni anajua unapoisema kwa ajili yake na unapoisema kwa ajili yako.

Na kuhusu aya ya 5, ndugu yangu, isome kuanzia aya ya 3 na ya 4. Paulo anazungumza na mtu anayejiona kuwa ni kitu naye si kitu. Anasema kila mtu na aipime kazi yake mwenyewe. Aya ile ni ya kujisomea wewe ukiwa mbele za Mungu, unapojihesabia hesabu yako. Haijaandikwa ili umsomee mwenzako aliyeelemewa. Ya kumsomea mwenzako ni ya 2, na hiyo haisomwi kwa mdomo.

Marafiki wa Ayubu tunawasema vibaya, na wanastahili, lakini walianza vizuri kuliko sisi. Walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kunena neno, kwa maana waliona mashaka yake ni makuu mno. Waliharibu walipofungua vinywa.

Nina ushuhuda hapa, na naomba mnivumilie. Mke wangu aliwahi kulazwa muda mrefu, kukawa na majuma ambayo madaktari wenyewe walikuwa wanaongea kwa tahadhari. Rafiki yangu huyu huyu wa baiskeli alikuwa akitoka kazini Industrial Area, anapanda matatu mbili, anakuja kukaa nami kwenye benchi la korido. Anakuja na chupa ya chai ya maziwa yenye tangawizi na mandazi yaliyofungwa kwenye gazeti. Anakunja koti lake, ananiwekea ukutani ili nilaze kichwa. Haulizi “madaktari wamesema nini”, kwa kuwa alijua swali hilo nimelijibu mchana kutwa kwenye simu mpaka limenikausha ulimi.

Nilikuwa siwezi kuomba. Mchungaji mlei, mwalimu wa shule ya Jumapili, na sina neno hata moja mbinguni. Yeye alikuwa akianza Baba Yetu kwa sauti ya chini, mimi namfuata. Tukifika “mapenzi yako yatimizwe” mimi nanyamaza, siwezi kulitamka. Hakunisukuma. Alikuwa analisema peke yake, kwa ajili yetu wawili, kisha ananingoja kwenye “utupe leo riziki yetu”, na hapo naingia tena. Ilikuja jioni moja nikalitamka pamoja naye, na mimi mwenyewe nilishtuka kujisikia. Mungu kwa rehema zake alimrudisha mke wangu nyumbani, utukufu ni wake. Lakini hata kama asingemrudisha, mtu yule angekuwa bado kwenye benchi, hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu.

Neno la mwisho ni kwako wewe uliye mlimani wiki hii, na hasa kwenu wanaume wa Nairobi. Kina mama wana chama, wana Jumatano yao, wanalia mbele ya watu na kufutana machozi. Sisi tunapoteza kazi tukaendelea kuvaa tai na kuondoka nyumbani asubuhi ili majirani wasijue. Tunapelekewa barua ya benki tukaificha chini ya godoro. Mtu akiuliza, “niko sawa, ndugu”. Unamfukuza aliyetaka kukaa nawe, halafu usiku unalalamika mbele za Mungu kwamba umeachwa.

Paulo, huyo huyo aliyeandika habari ya furushi, alipokuwa kifungoni na mwisho wake umekaribia, hakujifanya jabali. Soma 2 Timotheo 4. Dema amemwacha. Luka peke yake ndiye aliye naye. Anamwandikia Timotheo, “Jitahidi kuja kwangu upesi.” Anamwagiza joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Kisha, kana kwamba anaogopa kijana hajaelewa, anarudia mistari michache baadaye: “Jitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi.” Mtume aliyepanda makanisa mji kwa mji anaomba koti na anaomba mtu. Ikiwa Paulo aliweza kuandika hivyo, wewe unashindwa nini? Chukua simu sasa hivi, kabla hujaendelea na shughuli nyingine, umwandikie mmoja unayemwamini. Usieleze mengi. Mwambie, jitahidi kuja.