Daktari wa kwenye kioo na daktari wa wodini

Chake Chake, Alhamisi usiku

Nyumbani kwetu baada ya sala ya isha hakuna anayegusa rimoti. Ni saa ya tamthilia, na miezi hii tamthilia yenyewe ni ya hospitali: ya Kituruki, iliyotiwa sauti za Kiswahili, madaktari vijana wazuri wa sura, makoti yao hayana hata doa. Mama anawajua wote kwa majina. Shangazi humwombea dua mgonjwa kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Naipenda saa ile kwa sababu tunakuwa pamoja. Lakini tangu ami alipolazwa naitazama kwa jicho jengine.

Ami alishikwa na homa isiyoshuka. Akapimwa malaria, hana. Wazee wetu hapo ndipo walipochanganyikiwa, maana wamekulia Pemba ya zamani, ambako homa ilikuwa ndiyo malaria. Siku hizi sivyo. Tangu dawa mseto zilipoanza kutumika Zanzibar mwaka 2003, vikafuata vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani, malaria imeshuka sana, na daktari akikutana na homa inambidi atafute kwengine: kwenye mkojo, mapafu, tumbo, damu yenyewe. Kutafuta huko kuna mwendo wake. Mkojo au damu huchukuliwa, ikawekwa kwenye chakula cha vijidudu penye joto kama la mwili, ikasubiriwa. Bakteria wakiwamo, wataota; wakishaota hujaribiwa dawa moja baada ya nyengine mpaka ionekane inayowaua. Hilo ni jambo la siku mbili, tatu, pengine zaidi, hata katika hospitali zenye kila kitu.

Aliyekuwa akimtibu ni daktari mwanamke, bado kijana. Shangazi alipomuuliza ugonjwa ni gani, alijibu: "Bado sijajua, mama. Tunasubiri majibu ya maabara." Tulipotoka nje, shangazi akanigeukia: "Umemsikia? Kasema mwenyewe hajui!"

Nikajua neno lile limetoka wapi. Kwenye tamthilia daktari hukunja uso mbele ya ubao, akakumbuka kitu alichokiona kwenye kucha za mgonjwa, akatoka mbio, na kabla kipindi hakijesha ugonjwa umeshapata jina. Anayesema hajui ni yule atakayeaibishwa na bingwa. Tumefundishwa hivyo usiku baada ya usiku, mpaka kungoja majibu tunakuona ni kutojua kazi.

Mimi yule daktari nilimwangalia vizuri. Jioni alirudi na faili lake akauliza yale yale ya asubuhi: mkojo unachoma? Umekunywa maziwa mabichi? Kuna pahala panauma? Shangazi alidhani anarudia kwa kusahau. Ami safari hii akataja kiuno, jambo ambalo asubuhi hakulitaja kabisa, alidhani ni kitanda tu. Daktari akamkalisha, akaweka kiganja ubavuni nyuma, chini ya mbavu, akakigonga kwa ngumi ya mkono wa pili, taratibu. Upande wa kushoto, kimya. Upande wa kulia ami akaruka, akamshika mkono. Daktari akaandika. Majibu ya mkojo yalipotoka, yalikuwa ni maambukizi ya figo, dawa ikabadilishwa, na homa ikaanza kushuka. Hapakuwa na muziki wala aliyekimbia, lakini kwangu ile ilikuwa kazi ya kibingwa.

Linaloniuma zaidi, hata hivyo, ni habari ya moyo kusimama. Binamu yangu ni daktari, na ananiambia kwamba mgonjwa anapofariki swali analoulizwa mara nyingi ni hili: "Mbona hamkumpiga umeme?" Kwenye kioo mstari wa mapigo ya moyo unanyooka, mashine inalia, wanamshtua, anavuta pumzi, kesho yake anacheka na wanawe. Ukweli ni kwamba mstari ukishanyooka kabisa umeme haumsaidii. Ile mashine ya umeme ni ya moyo unaotetemeka ovyo, ili uupate mpigo wake tena. Moyo ulionyamaza hubanwa kifuani kwa mikono, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa nguvu ambayo mara nyingi huvunja mbavu, na hudungwa dawa. Mara nyingi haurudi.

Mwaka 1996 watafiti wa Marekani waliandika katika jarida la New England Journal of Medicine baada ya kuwahesabu wagonjwa waliojaribiwa kufufuliwa moyo kwenye vipindi vitatu vya televisheni, ikiwemo tamthilia ER. Robo tatu yao walizinduka. Na katika maisha ya kweli, huko huko Marekani, wanaosimama moyo wakiwa tayari wamelazwa hospitali ni kiasi cha robo tu wanaorudi nyumbani wazima. Halafu wa kwenye kioo aghlabu ni vijana waliopata ajali, wa kwetu ni mzee mwenye sukari na presha ya miaka mingi. Familia inarudi kuzika ikiamini mtu wao aliachwa afe. Binamu anabanduka kitandani kwa marehemu mikono ikimtetemeka kwa uchovu, na huku anatazamwa kama muuaji. Hilo silivumilii.

Lakini televisheni sitaibebesha lawama yote. Daktari anayepita kitandani kimya, akaandika, akaondoka, anaacha tundu, na sisi tunaliziba kwa tuliyoyaona jana usiku. Ninyi vijana mnaomaliza skuli za udaktari na kurudi visiwani, nawaomba, tuambieni kwa mdomo: tunatafuta nini, majibu yatatoka siku gani, yasipoonyesha kitu hatua inayofuata ni ipi. Daktari wa ami hatimaye alivuta kigoda akamweleza shangazi habari ya vijidudu kuoteshwa, hatua kwa hatua. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali zuri kuliko letu sote: "Sasa mwanangu, hizo siku za kungoja, sisi tumwangalie nini, tukikuona tukuambie?" Wakaanza kuhesabiana: akitapika, akitetemeka kwa baridi, mkojo ukipungua, akianza kusema maneno yasiyoeleweka.