Jinsi nilivyofungua mafaili ya steshenari yaliyofungwa na ransomware

Kuna dada ana steshenari mtaani kwetu, kompyuta ikamfungia kila kitu, CV za wateja, picha za pasipoti, hesabu, kila faili lina herufi za ajabu mwishoni na kuna noti, yaani ujumbe, inadai dola. Hiyo ndo ransomware, mdudu anayefunga mafaili ili ulipe. Nikamwambia dada usilipe kwanza.

Nikachomoa intaneti na flashi zote, maana aina nyingine za ransomware zinaruka mpaka mashine za jirani. Kisha kwa kompyuta nyingine nikaingia No More Ransom, ni huduma ya bure, Europol na polisi wa Uholanzi ni kati ya walioianzisha 2016, unapakia ile noti na faili moja lililofungwa inakutajia mdudu gani. Ikaja STOP Djvu, hii inakujaga sana na programu zilizokrakiwa, zile za kulipia zinazogawiwa bure kwa wizi. ID iliyoandikwa kwenye ile noti iliishia na t1, yaani yamefungwa kwa ufunguo wa oflaini, ule uliomo ndani ya mdudu mwenyewe na unaofanana kwa watu wengi, hapo ndo kuna matumaini, nikakopi mafaili kwenye eksteno (diski ya nje), nikapiga windows upya kabisa, nikatumia programu ya bure ya kampuni ya Emsisoft yakafunguka karibu yote. Ingekuwa ya onlaini, ambapo kila mtu ana ufunguo wake unaokaa kwa wahalifu, isingefungua.

Sasa hivi kazi zinafanyika kwa akaunti ya kawaida, admin ina paswedi yake, apdeti hazizimwi, flashi ya mteja inaskaniwa kwanza, na bakapu inaenda kwenye eksteno jioni halafu INACHOMOLEWA, hilo nilimsisitiza kweli kwa sababu ikibaki imechomekwa nayo inafungwa hivohivo.