Mataruma

Barua ya uhakiki wa wastaafu haikubagua mgonjwa wala mzima: kila mwenye pensheni afike mwenyewe na kitambulisho chake. Basi Jumanne moja ya mwaka 2016 nikampa baba dawa saa moja asubuhi, akakaa nusu saa ndipo akanywa uji, kama tulivyoelekezwa. Tukapanda bajaji mpaka Korogwe mjini. Vidonge vya saa tano nilivisahau juu ya friji.

Levodopa, dawa yake ya ugonjwa wa Parkinson, ikiwa kazini, baba alikuwa karibu mtu yule wa zamani, ananyanyua miguu na kutania wauza ndizi. Ikianza kuisha mwilini, hatua zinafupika, visigino vinaburuzwa, kiwiliwili kinatangulia na miguu inakikimbilia. Akifika mlangoni ndiyo basi tena. Ukumbini alikuwa anakatiza vizuri tu, lakini akikanyaga kizingiti, nyayo zinashika sakafu kama zimepigiliwa misumari. Baba alikuwa mtu wa genge la reli, kwa hiyo hali hiyo aliiita "breki kunasa".

Siku ile breki zilinasa mlangoni mwa ofisi, saa sita na kitu, jina lake limeshaitwa. Nyuma yetu kuna foleni, na watu wenyewe wazee wenye njaa.

"Mzee, pita basi!"

Kumharakisha kulizidisha. Magoti yakaanza kumtetemeka, nyayo hazibanduki. Mlinzi akanisogelea, akauliza kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Dada, mzee kashalewa asubuhi yote hii?"

Ningependa kuandika kwamba nilimwonea baba huruma. Niliona aibu. Nikamshika mkono, nikamvuta.

Kiwiliwili kikaja, miguu ikabaki. Alianguka mzima mzima, mikono haikuwahi hata kujikinga, na nyusi ya kushoto ikagonga ukingo wa benchi. Damu haikuwa nyingi. Kilichoniumiza ni alivyoniambia pale chini, kwa ile sauti yake iliyokuwa imeshafifia: "Mwanangu, si nilikwambia usinivute?"

Kweli alikuwa ameniambia, tena zaidi ya mara moja.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za James Parkinson, tabibu wa London aliyeuandika ugonjwa huu mwaka 1817. Alieleza wagonjwa sita, na baadhi yao alikutana nao barabarani tu. Mmoja alimwona kwa mbali. Aliutazama ule mgongo ulioinama na ile hatua inayogeuka mbio bila mtu kupenda, akajua huu ni ugonjwa. Karibu miaka mia mbili baadaye, mlinzi wetu aliuona mwendo uleule, akaona pombe. Simlaumu sana. Mimi niliyekuwa naishi na mgonjwa ndiye niliyevuta.

Uhakiki wenyewe ulichukua dakika tano. Karani alitoka na daftari lake, akamkuta baba kwenye benchi, akamsainisha hapohapo. Kumbe iliwezekana.

Wakati wa kurudi, bajaji ilituacha upande wa pili wa reli kwa sababu ya matope. Kwetu ni ng'ambo, unafuata njia ya reli kidogo kisha unashuka. Baba akaganda tena pembeni ya tuta. Safari hii nikasimama tu, mikono nyuma, naogopa hata kumgusa. Mwenyewe akainua macho, akatazama njia.

"Nipandishe pale."

Treni ya abiria ilikuwa bado haijarudishwa kwenye njia ile, hata hivyo nilitega sikio huku na huku. Nikamsaidia kupanda. Akakazia macho mataruma, yale ya chuma yanayokingama chini ya reli, majani yameota katikati. Akanyanyua mguu wa kulia juu kabisa, akakanyaga taruma la kwanza. Halafu la pili. "Tatu, nne, tano," anahesabu kwa sauti, mgongo umenyooka, mkono mmoja unapunga kama uliobeba nyundo. Mimi na viatu vyangu vya ofisini nilikuwa nyuma najikwaa kwenye kokoto. Alinipita hatua kumi, mtu ambaye saa moja iliyopita alishindwa kuvuka kizingiti!

Tuliposhuka kwenye udongo mtupu, akaanza kuburuza tena.

Kliniki iliyofuata nilimsimulia mtaalamu wa fiziotherapia nikidhani hatanisadiki, naye akacheka. Alisema mtu asiye na ugonjwa huu hatembei kwa kufikiri, miguu inajiendea. Dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kujongea, ikipungua, amri hiyo ya kimyakimya inakwama. Mstari wa kuvuka unaipa miguu njia nyingine, ya kupitia macho, ndiyo maana wapo wanaopanda ngazi vizuri kuliko wanavyotembea sakafuni. Akikwama, aache kulazimisha, asimame wima, ahamishie uzito mguu mmoja, ahesabu, ndipo avuke. Na asigeuke papo kwa papo, azunguke kwa upana.

"Yaani nigeuke kama treni, siyo kama bajaji," baba akasema.

Jioni ile nilinunua utepe mweupe wa kunata, nikabandika mistari sakafuni kuanzia kitandani kwake, kupita mlangoni, mpaka msalani. Baba alikaa kwenye kiti akinisimamia. Nilipomaliza akaomba fimbo, akasimama, akapima nafasi ya mstari wa kwanza na wa pili kwa unyayo wake, kisha wa pili na wa tatu.

"Hapa umebana, hapa umeachia," akasema. "Bandua, panga upya."

Nikabandua.